Mimi Sikuiua Kompyuta ya Kikundi

Jumamosi, Julai, saa kumi na mbili jioni. Baridi. Ukungu umelala juu ya mibuni tangu asubuhi, na vidole vyangu vinanuka maganda ya kahawa mbichi ingawa nimenawa mara mbili kwa sabuni ya kipande.

Nina hasira.

Naandika kwenye kurasa za nyuma za daftari la Jiografia. Kesho baada ya misa nitapita mjini Mbinga niichape hapa kwenye blogu, kama mtandao utakuwepo. Kwa hiyo wewe unayesoma, kama upo, unasoma hasira iliyolala siku moja. Usidhani imepoa.

Nianze na ufunguo, maana yote haya ni habari ya ufunguo.

Kikundi chetu cha kahawa kina mtambo wa kumenyea, huku kwetu upande wa Mpepai, na ubavuni mwa mtambo kuna chumba kidogo kilichokuwa stoo ya magunia. Humo ndimo ilimo kompyuta. Siyo kama zile za shule. Hii ni jibaba jeusi, zito, lililokuwa likichora ramani kwenye ofisi moja huko Ulaya. Wanunuzi wa kahawa yetu walipopata mpya wakatuletea hii ya zamani. Ndani yake kuna ramani ya shamba la kila mwanakikundi, kila mteremko, kila safu ya ngolo, yale mashimo yetu ya kilimo cha mteremkoni, kila mstari wa mibuni. Jumatatu saa nne anakuja mgeni wa ukaguzi kuziangalia.

Ufunguo wa chumba hicho nilikuwa nao mimi, tangu likizo ya mwaka jana. Alinipa Baba Mkubwa, kaka yake baba, ambaye ndiye mwenyekiti wa kikundi. Alinipa kwa sababu nachapa majina haraka kuliko mtu yeyote pale. Hakuwa na sababu nyingine.

Sijawahi kuandika hapa ufunguo ule ni nini kwangu. Mimi ni yule mwanafunzi ambaye akiulizwa swali anameza mate kwanza, na akimaliza kumeza mwalimu ameshamwita mwingine. Nina Kiswahili cha shule ya msingi na Kiingereza cha sekondari. Nyumbani nina Kimatengo cha baba na Kinyasa cha mama. Katika zote nne sauti yangu haivuki meza. Ila nikiufunga ule mlango, feni ya kompyuta ikaanza kuzunguka, maneno yanakuja yenyewe. Nusu ya yaliyomo kwenye blogu hii yalizaliwa mle ndani, kati ya jina la mkulima mmoja na la mwingine.

Jumatano Baba Mkubwa alininyang'anya ufunguo mbele ya watu.

Ilikuwa hivi. Kompyuta ilikuwa nzito ya kufikiri. Ukifungua ramani ya kikundi chote, unaweza kwenda kisimani ukarudi na ndoo kichwani ukakuta imechora nusu. Baba Mkubwa akaona aibu kumwekea mgeni kitu kama hicho, akaamua iongezwe kumbukumbu, zile kadi ndefu nyembamba zinazochomekwa ndani, mafundi wanaziita memori. Akamwita Fundi Gaudensi kutoka mjini.

Fundi Gaudensi alianza na redio. Baadaye simu. Sasa kibao chake kina neno la tatu, limeongezwa kwa rangi tofauti: kompyuta. Sina ugomvi na redio zake. Redio ya bibi aliitengeneza na mpaka leo inaongea. Lakini mara ya kwanza alipokuja, wiki mbili zilizopita, alileta memori za kawaida, na zilipokataa kuingia kwa sababu pengo lao haliko mahali panapotakiwa, unajua alifanya nini? Alitoa tupa mfukoni.

Tupa! Ile ya kunolea panga.

"Tunakula kidogo hapa, inaingia," akasema. Hata Baba Mkubwa, ambaye hajui memori ni nini, alimshika mkono.

Ikabidi kutafuta za aina yake. Baba yangu anafanya kazi Ngaka, kwenye makaa ya mawe, akamwagiza dereva wa lori anayefika mbali. Jumanne zikafika, mbili, zimefungwa kwenye gazeti lenye vumbi jeusi. Kila moja imevaa bati pande zote mbili, linang'aa.

Fundi akafungua ubavu wa kompyuta. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na tochi, hiyo ndiyo kazi niliyopewa. Ndani mna nafasi nne za kuchomeka kadi. Mbili zilikuwa na kadi zilizovaa bati kama hizi mpya. Mbili zilikuwa na kadi za kijani zilizo uchi kabisa, hazina bati, hazina hata kipande kimoja cheusi juu yake. Mistari tu, na meno ya rangi ya dhahabu.

Fundi akazing'oa zile za kijani, akazipindua huku na huku. "Hizi hazina kitu. Tupu kabisa. Sijui Wazungu walikuwa wanaficha nini."

Baba Mkubwa akaichukua moja, akainyanyua kwenye mwanga kama anavyoinyanyua buni. "Hizi zinaelea," akasema.

Wazee wa kikundi waliokaa kwenye magunia wakacheka wote, na mimi nilicheka. Kwa asiyejua kahawa: kabla ya kumenya, matunda yanamwagwa kwenye tangi la maji. Yenye buni nzito yanazama. Yaliyo matupu ndani yanaelea, na lazima yaondolewe upesi yasije yakaharibu ladha ya mengine. Tumefundishwa hivyo tangu tunatambaa. Ukiona tupu, toa. Na kwenye kikundi chetu anayechuja ndiye anayebeba zinazoelea, anaenda kuzikaanga nyumbani kwake. Wiki hii mchujaji ni mimi.

"Mchujaji, chukua zako," Baba Mkubwa akaniambia, akaniwekea zile kadi mbili mkononi.

Nikazitia kwenye mkebe wangu wa hesabu, kati ya bikari na kipimapembe. Nilifikiri moja itafaa kupigia mistari.

Sasa, upande wa ndani wa kifuniko cha ubavu alichokifungua Fundi kulikuwa na karatasi iliyobandikwa, yenye maandishi madogo ya Kiingereza na picha ya zile nafasi nne. Kifuniko chenyewe Fundi alikuwa amekiweka sakafuni. Nikaielekezea tochi. Sentensi ya kwanza ilisema kadi huwekwa mbilimbili, na kila mbili lazima ziwe pacha kamili. Nikazitazama zile mpya. Ukubwa wao mmoja, ndiyo. Lakini baada ya ukubwa, moja iliandikwa nane na nyingine kumi na sita. Yaani mzigo uleule, moja imeugawa kwenye vipande vinane chini ya bati, nyingine kwenye kumi na sita. Kwa nje dada na dada. Kwa ndani hawajuani.

Nikameza mate. Nikasema. Nataka iandikwe mahali fulani duniani kwamba nilisema.

"Samahani Fundi. Wameandika ziwe pacha. Hizi siyo pacha."

Fundi akageuka polepole. "Eeee! Mwalimu wa Kiingereza kafika. Jamani, simameni."

Na wakasimama! Watu wazima wanne, wenye wajukuu, wakasimama juu ya magunia na kuimba kama darasa la tatu: "Gudi moningi, madamu!"

Baba Mkubwa alicheka mpaka akafuta machozi kwa kofia.

Nikampa mtu mwingine tochi, nikatoka nje kwenye tangi langu, nikaanza kuchuja maji ambayo hayakuwa na kitu. Masikio yalikuwa yanawaka. Ile karatasi ilikuwa na sentensi ya pili. Sikuisoma. Hilo ni kosa langu na naliandika kama lilivyo. Niliona aibu kuliko nilivyoona haja ya kujua, nikaiacha sentensi nzima sakafuni.

Kutoka nje nikasikia. Feni zinaanza, halafu mlio. Pi, pi, pi. Kimya. Pi, pi, pi. Kimya. Kioo cheusi.

Fundi akazitoa zile mpya, akaacha za zamani mbili mahali pake. "Tunairudisha ilivyokuwa," nikamsikia akisema. Akawasha. Pi, pi, pi. Akabadilisha ya kushoto kulia. Pi, pi, pi. Akapuliza kwa mdomo. Akasugua meno kwa kifutio. Jenereta ya mtambo ikazimwa jioni na kompyuta bado inalia kama kifaranga.

Hapo ndipo kila mtu alipoingiwa na hofu, na mimi nikiwemo. Zile mpya kukataa ni jambo moja. Lakini sasa hata za zamani, zilizokuwa zinafanya kazi Jumatatu yake, zilikuwa zimekataa. Ramani zote zimo humo. Mgeni anakuja.

Jumatano asubuhi Fundi akarudi na jibu. Si la kompyuta. La nani.

"Nani aliishika kabla yangu? Nauliza kwa sababu kuna umeme wa nguo. Mtu akivaa nailoni akagusa kompyuta, anaiua bila kujua."

Watu wakanitazama. Nilikuwa nimevaa sweta la shule. Lina nailoni, najua, limeandikwa shingoni. Na Jumatatu niliipangusa vumbi kwa kitenge, kwa nje, kama ninavyofanya kila wiki, ufunguo ukiwa wangu. Kwa nje! Nilitaka kusema neno hilo moja tu. Nikaficha mikono ndani ya sweta.

"Mikono ya ziwani hiyo," Baba Mkubwa akasema. Mama yangu ni wa Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, na Baba Mkubwa hajawahi kuisahau safari ya kupeleka mahari huko. "Imezoea dagaa wa usipa. Kila kitu kinateleza."

Akanyoosha kiganja. Nikauvua ufunguo shingoni, kamba yake na yote, nikampa. Akaubana na pini ndani ya koti lake, upande wa moyo, kama nishani.

Mama alikuwepo. Alikuwa anapima matunda yake kwenye ndoo. Akatazama ndoo. Mpaka leo sijui nimkasirikie nani zaidi kwa lile neno la usipa, aliyesema au sisi wawili tuliolimeza.

Alhamisi lilitoka jua. Fundi akatangaza kwamba amewaza usiku kucha na amegundua: kompyuta imeingiwa na baridi ya Julai. Inahitaji kuanikwa.

Sitanii. Waliibeba watu wawili wakaiweka juu ya meza ya kuanikia kahawa, juu ya wavu, imefunguliwa ubavu, katikati ya kahawa ya maganda. Kifuniko wakakiweka pembeni yake, ndani kikitazama juu. Na nani alipewa kazi ya kukaa hapo kugeuza kahawa na kufukuza kuku wasiingie kwenye kompyuta? Muuaji mwenyewe.

Wakaenda kula. Nikabaki na kuku. Na ile karatasi ilikuwa imenilalia mbele ya macho, kwenye jua, hakuna aliyekuwepo wa kuimba.

Nikasoma sentensi ya pili.

Ilisema kila nafasi isiyo na kumbukumbu lazima ichomekwe kadi tupu. Njia ya mawasiliano inapita kwenye nafasi zote nne, ikienda kama maji kwenye mfereji, na ikikuta nafasi iliyo wazi inakatika. Bila kadi tupu, kompyuta haitawaka.

Niliisoma mara tatu. Kwa Kiingereza, kisha nikaigeuza Kiswahili kichwani kuhakikisha sijajidanganya. Halafu nikahisi mkebe wangu wa hesabu ndani ya begi, begani kwangu, ukiwa mzito kama nyundo.

Zilikuwa kwangu. Siku zote tatu. Wakati wanaisugua kwa kifutio zilikuwa kwangu. Wakati ananyoosha kiganja zilikuwa kwangu. Kompyuta haikufa. Ilikuwa inalilia kadi mbili ambazo mimi nilikusudia kupigia mistari.

Nilizichomeka pale pale, juu ya meza ya kahawa. Ziliingia taratibu, zikashikwa pande zote mbili, tak, tak. Sikumwita mtu. Nilijiambia watashangaa ikiwaka, watauliza, na wakiuliza nitajibu. Kujibu ni rahisi kuliko kuanza. Ndivyo ninavyoishi, nasubiri kuulizwa.

Alasiri jenereta ikawashwa, wakairudisha chumbani, wakaichomeka. Feni. Mlio mmoja mfupi. Na mwanga.

Kelele zilizopigwa! Mtu alipiga kigelegele. Fundi Gaudensi alinyanyua mikono yote miwili kama amefunga goli. "Jua! Nilisema jua!" Baba Mkubwa akamkumbatia. Akamwita daktari. Hakuna aliyeuliza kitu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kitu.

Halafu Fundi akaizima ili afunge kifuniko, akachungulia ndani.

"Nani karudisha hizi za kuelea humu?"

Akaning'olea mbele ya macho yangu. Zote mbili. Akanitupia mapajani. "Binti, chukua takataka zako. Utaiua tena." Akafunga skrubu, moja, mbili, tatu, nne. Akapanda pikipiki yake akaondoka.

Na mimi nilifanya nini? Nilifungua mkebe, nikazirudisha kati ya bikari na kipimapembe, nikafunga.

Sasa naandika sehemu ambayo nilitaka kuiruka.

Nilifurahi.

Ijumaa kulikuwa na manyunyu, watu hawakuchuma, mtambo haukuwashwa. Baba Mkubwa alipita nyumba kwa nyumba akihadithia jinsi daktari alivyoifufua kompyuta, na mimi nilikaa jikoni nikimenya viazi nikijua kwamba mle chumbani kuna maiti iliyofungwa skrubu nne. Nilijua kitakachotokea Jumatatu. Mgeni atakaa kwenye kiti. Wazee watapanga mstari. Baba Mkubwa atabonyeza kwa kidole kimoja, kama mfalme. Pi, pi, pi. Niliiona sura yake. Niliichora vizuri kichwani, nikaongeza jasho. Hata nilisali. Nilisema, Bwana, acha iwe hivyo.

Kikundi kizima, mashamba yote, shamba la mama likiwemo, na mimi nikaomba kilie mbele ya mgeni ili mtu mmoja aone aibu niliyoiona mimi. Sijamwambia Baba Mkubwa hili. Nimemwambia mengine yote leo, hili hapana. Nakuambia wewe tu, usiyejulikana.

Leo asubuhi nilienda kuchuja nikiwa nimekata shauri kunyamaza mpaka mwisho. Naapa. Ningenyamaza.

Lakini Baba Mkubwa alikuja kwenye tangi na mzee mmoja mgeni, mkwe wa mtu fulani kutoka Kingerikiti, anamtembeza. Wakasimama hatua tatu kutoka kwangu. Baba Mkubwa akanielekezea kidevu, kama mtu anayeonyesha mbuzi mwenye tabia mbaya.

"Huyu ndiye aliyeiua. Gaudensi akaifufua."

Alisema bila ubaya wowote. Hiyo ndiyo iliyoniwasha. Alisema kama habari ya kawaida, kitu kilichokwisha kuandikwa, jina langu na kuua. Nikaona nitakavyokuwa na miaka arobaini nikipita njiani: yule aliyeiua kompyuta.

"Sikuiua!"

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Ilikuwa nene. Sikuanza hata na shikamoo. Akina mama waliokuwa wanachambua matunda wakaacha mikono hewani. Mama yangu akanyanyua kichwa.

"Unasemaje?" Baba Mkubwa akauliza.

"Sikuiua. Na haijafufuka. Kaiwasheni muone."

"Oresta," mama akaniita, chini chini, kwa Kinyasa, akaniambia nikumbuke naongea na nani. Nilikumbuka vizuri sana. Nilishindwa kushuka tu.

Wakaenda kuiwasha, nadhani ili wanikomeshe mbele ya yule mkwe. Baba Mkubwa akabandua pini, akatoa ufunguo, akafungua. Akabonyeza kwa kidole kimoja. Kama nilivyoichora.

Pi, pi, pi.

Uso wake ulikuwa vilevile nilivyouomba. Na haukuwa mtamu. Alionekana mzee. Alishika ukingo wa meza, akasema polepole, "Jumatatu," basi, neno hilo tu, na nikaona amevaa soksi mbili tofauti.

Sikumwonea huruma. Karibu nimwonee, nikakataa.

Nikafungua skrubu kwa ncha ya kisu. Nikatoa mkebe. Nikachomeka kadi ya kwanza, ya pili, tak, tak, nikawasha. Mwanga. Watu wakapumua. Nikazima. Nikazing'oa, nikawasha. Pi, pi, pi. Nikazima, nikazirudisha, nikawasha. Mwanga. Nilirudia mara tatu. Mara ya tatu haikuwa na lazima, niliifanya kwa hasira tu.

Kisha nikawasomea karatasi, sentensi ya kwanza na ya pili, kwa Kiingereza halafu kwa Kiswahili. Hakuna aliyesimama kuniimbia. Nikawaambia Alhamisi nilizirudisha mimi, jua halikufanya kitu. Nikawaambia zile mpya mbili hazitafanya kazi pamoja kamwe, kila moja imtafute pacha wake. Ziko kwenye droo sasa. Kwa hiyo baada ya wiki mbili, tupa, kifutio, na kuanikwa, kompyuta ina kumbukumbu ileile iliyokuwa nayo, na ramani bado inachora nusu ukiwa kisimani.

Baba Mkubwa alichomoa kadi moja ya kijani baada ya mimi kuzima, akainyanyua tena kwenye mwanga wa mlango. Aliitazama muda mrefu, akitafuta uzito wake.

"Kwa nini hukusema?" akaniuliza.

Katika yote ya wiki hii, hilo ndilo lililoniuma kuliko usipa.

"Nilisema. Jumanne nilisema. Mlisimama mkaniamkia."

Yule mkwe wa Kingerikiti akakohoa akatoka nje. Mama alikuwa mlangoni, na safari hii hakuniita.

Baba Mkubwa akairudisha kadi mahali pake, akakosea upande, nikamgeuzia. Hakusema pole. Kwetu mtu wa rika lake hamwambii pole mtoto wa ndugu yake, na kama angesema nisingejua nifanye nini nayo. Alichofanya ni kuuchomoa ufunguo mlangoni, akaushika kwa kamba yake, lakini hakunipa. Akauliza kwanza.

"Mgeni wa Jumatatu haongei Kiswahili. Mwaka jana tulimchekea tu, akaandika anayoyataka. Akiuliza habari za hizi ramani, nani atamjibu?"

Akawatazama wazee mmoja mmoja.

"Ufunguo huu utakaa na atakayemjibu," akasema. "Mbele ya watu. Kwa sauti niliyoisikia leo pale kwenye tangi. Siyo ile nyingine."

Nikanyoosha kiganja.

Upo shingoni sasa, ndani ya sweta, unanigusa kifuani, baridi. Naujua uzito wake, na leo umeongezeka. Kwa sababu nimekaa nusu saa nyuma ya nyumba nikijaribu sentensi ya kwanza ya Kiingereza, ya kumkaribisha tu mgeni, na imetoka kama kawaida yangu, haikufika hata kwenye banda la mbuzi. Nikajaribu tena nikimfikiria Fundi Gaudensi na tupa yake. Ikafika. Mbuzi wakageuka.

Kumbe sauti yangu ipo, na inakaa ndani ya hasira. Nitaibebaje hasira hii mpaka Jumatatu saa nne bila kuimwaga?

Nimeamua hivi. Kesho kanisani, ikifika pale pa kutakiana amani, nitampa Baba Mkubwa mkono. Nitampa Fundi mkono, akiwepo. Nitasema maneno yote yanayosemwa. Lakini moyoni sitamwachilia hata mmoja wao, si aliyesimama akaimba, si aliyecheka mpaka akafuta machozi, si mimi mwenyewe na ile sala yangu ya Ijumaa.

Jumatatu mchana, mgeni akishaondoka, nitaanza kuwasamehe mmoja mmoja.

Kabla ya hapo, hapana.